Mwaka Tuliponunua Mashine ya Kuchoma Maganda

Habari za kifo cha Mzee Deusi zilinikuta Tabora, kwenye chumba cha walimu, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na rundo la madaftari ya kidato cha pili mbele yangu. Aliyepiga simu ni mlinzi wa kampuni tuliyofanyia kazi zamani kule Mpanda, na alizungumza haraka haraka kama mtu anayeogopa salio kumkatikia: mzee ametutoka, anazikwa kesho, basi tujue. Sikuwahi maziko. Treni niliyoipata ilinifikisha Mpanda siku ya tatu ya msiba, na njia nzima, nimekaa dirishani na mfuko wa karanga mapajani, sikuwaza kifo. Niliwaza mashine. Niliwaza gurudumu lake lenye matundu pembeni, mota yake ndogo iliyokuwa ikilia kama nzi kwenye glasi, na alama ya penseli ambayo Mzee Deusi aliiweka kwenye kitufe cha kuongeza mwendo. Kichwa changu ndivyo kilivyo, kinashika vitu kwanza na watu baadaye, na nimeshagombezwa sana kwa hilo, tena na watu wanaonipenda.

Mwaka tulipoinunua nilikuwa na miaka ishirini na tatu, natunza stoo ya kampuni moja ya uwindaji wa kitalii. Nilipanga chumba Nsemulwa na kila asubuhi nilitembea hadi Misunkumilo ilipokuwa yadi yetu. Msimu wa mvua kambi za porini hufungwa, magari yanarudi mjini yakiwa na tope mpaka kwenye vioo, na yadi inakuwa na kazi za kukarabati na kuhesabu. Nyuma ya ofisi ya Meneja kulikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana: kwanza karakana ya Mzee Deusi, katikati stoo yenye mlango wa chuma ambayo ndiyo niliyoitunza, na mwisho chumba kilichokuwa cha matairi. Vyote vilikuwa chini ya bati moja, bila dari, na kuta za ndani ziliishia mkono mmoja chini ya mbao za paa. Mzee Deusi akipiga chafya karakana, mimi stoo naitikia, na tuliweza kuzungumza mchana kutwa bila kuonana.

Yeye alikuwa fundi bunduki, Mpimbwe kwa kabila, amepita miaka sitini, na kibali chake kilitundikwa ukutani ndani ya fremu aliyoitengeneza mwenyewe. Kampuni ilikuwa na bunduki kadhaa za zamani sana ambazo wageni walizipenda kuliko mpya, na risasi zake hazikupatikana kirahisi. Kwa hiyo maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa hayakutupwa. Yaliokotwa porini moja moja, yakaletwa Mpanda, yakasafishwa na kujazwa upya. Sasa ganda ni shaba ya njano, na shaba kila inapobanwa na kutanuka hukakamaa. Ganda likishatumika mara nne tano, shingo yake inakuwa ngumu na siku moja hupasuka. Dawa yake ni kuichoma shingo kwa moto mfupi ili ilegee tena, ila moto huo usifike kitakoni, kwa sababu kitako kikilegea bunduki inaweza kumlipukia mtu usoni. Haya yote nilifundishwa naye, maana nilikuwa siwezi kuona mtu anafanya jambo nikapita bila kuuliza.

Alifanya kazi hiyo mchana, lakini gizani. Alitundika mablanketi mawili dirishani, akapanga maganda yamesimama kwenye sinia lenye maji yaliyofika nusu ya kimo chake, halafu akawasha mtungi mdogo wa gesi wenye mdomo wa moto. Giza lilikuwa la kuonea rangi. Kwenye mwanga shaba hukudanganya, alisema, unadhani bado kumbe imeshaungua. Na muda aliupima kwa Salamu Maria. Alianza sala moto unapogusa shingo, kwa mwendo uleule wa rozari ya jioni kanisani, na akifika kwenye jina la Yesu aliliangusha ganda majini, likalia tss. Nilimwuliza kwa nini asitumie saa. "Mwanangu, saa nitaiangalia kwa jicho lipi? Jicho liko kwenye moto," alinijibu. Baada ya hapo aliyang'arisha maganda yote kwenye pipa la pumba, yaliyochomwa na yale ambayo zamu yake ya moto ilikuwa haijafika, mpaka ukiyaweka pamoja huwezi kujua lipi limepita motoni.

Saa saba mkewe, Mama Yusta, alituma au kuleta mwenyewe chakula ndani ya hotpoti nyekundu: wali wa kwao Mpimbwe, mchele mnene unaonukia, na migebuka, samaki wa ziwani, ya kukaushwa ambayo madereva walituletea kutoka Kapalamsenga. Nilikaribishwa tangu wiki ya kwanza na sikuwahi kujivunga. Mama Yusta alikuwa mwanamke wa maneno machache, anayekutazama ukila kama anayepima nguo. Aliniambia mara moja, "Wewe unauliza kama mtoto na unakula kama dereva," na Mzee Deusi alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Jambo lolote dogo la kijinga, ilimradi ni la kweli, lilimkalisha chini akishika mbavu.

Lazima niseme habari ya kuku. Chumba cha matairi kilikuwa kitupu, kina joto, kina kufuli na walinzi wawili usiku na mchana, nami nilikuwa natafuta ada ya chuo cha ualimu. Mwezi wa kumi na moja nilimwomba Meneja niweke vifaranga vya kisasa themanini. Alikubali bila kuinua kichwa, na Krismasi nilimpelekea jogoo wake. Hakuna mtu Mpanda angeona ajabu hapo. Chumba kitupu na mtu mwenye shida, unategemea nini? Kundi la kwanza lilikwenda vizuri, nikaingiza la pili, nalo lilikuwa na harufu. Mvua zilikuwa nyingi, maranda ya mbao niliyowatandikia hayakukauka, na ukifungua mlango asubuhi pua inawasha na macho yanatoka machozi. Nilizoea. Binadamu huzoea harufu ya mradi wake.

Mwezi wa tatu Meneja aliagiza maganda yatolewe stoo yakaguliwe. Nilibeba masanduku mpaka karakana, Mzee Deusi akafungua la kwanza, akatoa ganda moja, akaliviringisha karibu na taa. Shingoni palikuwa na ufa mwembamba wa kwenda chini, na juu ya shaba kulikuwa na ukungu wa rangi ya buluu na kijani. Akatoa la pili. Likawa hivyohivyo. La tatu lilikuwa zima. Tulifungua masanduku yote siku hiyo, na mengi ya maganda ya bunduki zile za zamani yalikuwa yamepasuka yakiwa yamelala tu, hakuna aliyeyagusa. Mzee Deusi alikaa kwenye stuli yake akifuta macho kwa leso, kama alivyokuwa akiyafuta wiki nyingi nyuma, na Meneja alimtazama akifanya hivyo.

"Mzee, hayo macho," Meneja alisema.

"Macho yanatoka maji tu. Rangi naiona."

"Moto haufiki, ndiyo maana yanapasuka. Huoni tena ile rangi."

"Mimi nachoma sawa, Meneja. Nachoma kama siku zote."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wageni wanaokuja mwezi wa saba na bunduki zisizo na risasi. Jioni hiyo aliniita ofisini, akafunga mlango. Aliniambia kwamba kuna mashine za kuchoma shingo za maganda, kwamba mimi nina simu nzuri na napenda kuchimbachimba mambo, kwa hiyo nimtafutie iliyo nafuu, nimpe jibu kabla ya Pasaka. Ikifika, Mzee Deusi ataagwa vizuri na atakwenda kupumzika. "Tusimwambie kwanza," alisema. Nilitoka pale nimebeba mambo mawili yasiyokaa pamoja: huzuni kwa ajili ya mzee, na furaha ambayo nakiri bila kuficha, ya kupewa kitu kipya cha kukichunguza.

Wiki mbili nililala nikiota koili. Nilijua aina zote. Kulikuwa na ile ya umeme isiyo na moto kabisa, ganda linaingia katikati ya koili ya waya uliozungushwa, sekunde chache linatoka limeiva, na mtu yeyote anayejua kubonyeza anaweza kuitumia. Bei yake ilikuwa sawa na pikipiki mpya. Kulikuwa na ya gesi, ambayo gurudumu linazungusha maganda yapite mbele ya moto moja moja, bei yake chini ya nusu ya ile, lakini moto wake lazima uwekwe na mtu mwenye jicho. Halafu kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea pale mjini aliyeniapia kwamba anaweza kutengeneza mwenyewe kwa mota ya feni na sahani ya baiskeli, bei ya mbuzi wawili. Nilikwenda kwake, tukachora chini kwa kijiti, na mchoro wake haukuwa wa kipuuzi hata kidogo. Kilichomshinda ni mwendo: feni haijui kwenda polepole. Nilitazama video mpaka bando likaisha, nikapima umeme wa yadi kwa kipimo cha fundi umeme, nikaona unavyopanda na kushuka mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa. Niliuliza mitungi midogo ya gesi ya aina inayotakiwa na mashine hiyo kila duka, na jibu likawa moja, kwamba Mpanda kuna mtungi wa kupikia tu. Nilikuwa na furaha isiyo na haya.

Mwuzaji wa ile ya gesi alikuwa Arusha, mzee mmoja mwenye sauti ya kukoroma, na ndiye aliyeniharibia furaha. Nilimtumia picha za maganda ili aniambie kama mashine yake itazuia nyufa za namna ile. Akanipigia.

"Binti, nyufa hizi si za kufyatuliwa. Hayo maganda yanalala wapi?"

"Stoo. Safi, kavu."

"Hakuna mbolea karibu? Mifugo?"

"Hapana," nilisema.

Lilitoka lenyewe. Hata leo sijui kwa nini nilikimbilia kukana kabla hata sijaelewa nilichoulizwa. Akanieleza kwamba shaba iliyokakamaa ikikaa kwenye hewa ya mkojo na kinyesi, hasa kukiwa na unyevu, hupasuka yenyewe bila kuguswa, na kwamba inayopona ni ile iliyokwisha kulegezwa kwa moto. Nilimshukuru, nikakata simu, nikainua macho. Juu ya ukuta, kwenye ule uwazi wa mkono mmoja, nilisikia kuku wangu wakikwaruza maranda.

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa Meneja. Mimi nilitaka kwanza kuona. Nilichukua kopo la plastiki lenye mfuniko, nikaweka kinyesi cha kuku na maji kidogo, nikaning'iniza ndani kwa uzi maganda mawili ya bunduki moja: moja nililomshuhudia Mzee Deusi akilichoma, moja lililotumika mara nyingi na halijapita motoni. Nililifunga uzi mwekundu lile la mzee. Nikaficha kopo chini ya kitanda changu Nsemulwa, nikawa nalifungua kila jioni na kuziba pua. Yote mawili yalibadilika rangi. Siku ya tisa lisilochomwa lilikuwa na ufa shingoni. La uzi mwekundu lilikuwa zima, na nililiminya kwa koleo likaminyika taratibu kama inavyotakiwa. Nilikaa kitandani nimelishika, na nitasema ukweli wote: kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa raha ya kujua. Woga ulifuata baada ya dakika kama tano.

Maganda yaliyoharibika hayakuwa na mbadala. Ningesema, ningefukuzwa siku hiyohiyo, na ada ilikuwa ndani ya wale kuku. Basi nikajipangia njia niliyoiona ya akili. Niliuza kuku wote Pasaka kwa bei ya hasara, nikasugua chumba kwa chokaa, nikamwambia Meneja nimechoka na ufugaji. Halafu nikampa jibu la mashine: tununue ya gesi. Sababu nilizompa zilikuwa za kweli zote. Ni nafuu, umeme wetu haueleweki, na mwuzaji atatuwekea mpira wa kuunga kwenye mtungi wa kupikia. "Ila," nikaongeza, "inahitaji mtu anayejua rangi ya moto. Bila Mzee Deusi itaunguza." Meneja alikuna kidevu, akasema basi mzee abaki kidogo. Nilitoka ofisini nikijiona shujaa. Nimemwokoa mzee na nimejiokoa mimi, nani kapata hasara?

Mashine ilifika kwa basi, imefungwa kwenye boksi la sabuni. Mzee Deusi hakuionea wivu hata kidogo. Aliifungua mwenyewe, akalizungusha gurudumu kwa kidole, akahesabu matundu, akaniuliza maswali mengi kuliko niliyowahi kumwuliza yeye. Siku ya kuiwasha tulitundika mablanketi kama kawaida. Gurudumu lilikuwa na kitufe cha mwendo bila kipimo chochote, na kitabu cha maelezo kilisema tu mtumiaji apate muda unaofaa. Mzee alisogeza stuli, akaanza Salamu Maria ganda lilipofika kwenye moto. Lilipita kabla hajafika popote. Akapunguza mwendo, akaanza tena. Mara ya sita au ya saba, jina la Yesu na tss ya maji vilikutana, na hapo akachora alama ya penseli kwenye kitufe. Toka siku hiyo mashine ilikwenda kwa alama hiyo, aiwashe nani, asali asisali.

Msimu ukaanza, ukaisha, mvua zikaja, na maganda yakalala stoo mpaka mwezi wa tatu bila ufa hata mmoja. Yadi nzima ilisifu mashine. Meneja aliwaonyesha wageni kama mtu anavyoonyesha gari. Mchana mmoja tulikuwa tunakula, mimi na Mzee Deusi, na niligundua kwamba hana leso mkononi. Akaligundua jicho langu.

"Yamekauka," alisema. "Toka mashine ije, sitoi chozi. Kumbe ule moto ulikuwa umeshaniharibu macho, mwanangu. Nilikuwa nachoma ovyo, nabisha, kumbe Meneja alikuwa anasema kweli."

Alisema kwa utulivu, huku akitoa miiba ya migebuka na kuiweka pembeni ya sahani. Nilikuwa na wali mdomoni. Nilijua ni hewa ya kuku iliyokuwa ikimtoa machozi, nilijua hakuna ganda hata moja lililopasuka mkononi mwake, na nilikuwa na uthibitisho wenye uzi mwekundu ndani ya sanduku langu la nguo. Nikameza. Nikamwambia, "Umri tu, Mzee." Wiki iliyofuata alimpa mlinzi ule mtungi wake mdogo wa gesi, na miezi miwili baadaye mimi nikaondoka kwenda chuo, na ada yote nimelipa.

Siku hizi nafundisha kemia. Kila mwaka tukifika kwenye amonia nawasimulia wanafunzi habari ya shaba inayopasuka yenyewe, na wanaipenda kuliko somo lolote, wanainua mikono, wanataka kujua kopo lilikuwa la ukubwa gani. Nawaambia kulikuwa na mtu mmoja alifuga kuku karibu na stoo. Mtu mmoja. Nimesema hivyo miaka mingi bila ulimi kuniuma, na sijui kama hilo ni jambo la kujivunia.

Siku hiyo ya tatu ya msiba Mama Yusta nilimkuta ndani, kwenye mkeka, watu wengi wameshaondoka. Nyumba ilikuwa na sufuria za kuazima zilizosubiri wenyewe. Alinishika mkono muda mrefu, akaamuru niletewe chakula, akakaa kunitazama nikila. Nilimwuliza mzee alimalizaje siku zake. Akaniambia alikuwa na afya, ni moyo tu uliosimama, ila toka aache kazi alikuwa mtu mwingine mikononi. Hakutengeneza tena kitu. Jirani akileta redio anamrudisha. Jembe likilegea mpini anamwita kijana wa nyumba ya pili. Mjukuu alipozaliwa alikataa kumbeba, akasema macho yake yalishaharibu mali ya watu, yasije yakaharibu na mtoto. Hospitali walimpima wakasema yanaona vizuri kwa umri wake, na yeye hakuwaamini.

Hapo nikaweka sahani chini nikasema. Nilisema yote, kuku, ukuta, simu ya Arusha, kopo, uzi mwekundu, ule mchana wa migebuka. Nilisema haraka na sikumtazama. Nilimwomba msamaha, na nilipomaliza nilikuwa nalia kwa kelele, kama watoto wangu wa kidato cha kwanza.

Mama Yusta alisogeza sahani yangu pembeni ya mkeka.

"Hakuharibu hata moja?"

"Hata moja, Mama."

"Ni kuku."

"Ni kuku."

Alifungua kitenge, akakifunga upya kiunoni, akatazama ule upande wa nyumba kiliko kiti cha marehemu, ambacho walikuwa wamekigeuza kielekee ukutani.

"Ungemwambia," alisema. "Angekasirika mpaka jioni. Halafu angecheka, yule mzee. Kuku! Angecheka mpaka akae chini."